Daftari la Wiki: Majina ya Waponda Mali

Lugha yetu, ambayo humweleza bahili kwa kusema kwamba ana mkono wa birika, imemwekea mtu atoaye fedha pasina hesabu akiba kubwa ya majina, na kila jina lina uzito wake katika mizani ya sifa na lawama. Atoaye kwa ajili ya wengine huitwa karimu. Apitaye kiasi katika jambo lililo halali, kama vile chakula, mavazi na arusi, amefanya israfu. Na atoaye mahali pasipostahiki kabisa ndiye mbadhirifu, jina ambalo shina lake la Kiarabu lahusu mbegu, kwa kuwa mtu huyo huitawanya mali yake kama mpanzi, ila yeye hutupa juu ya jabali. Kisha wako mfujaji na mponda mali, walioishika ile kauli ya ponda mali kufa kwaja, wakasahau kwamba mauti yakija huacha nyuma watoto wanaohitaji kula.

*

Neno safihi hutumika siku hizi kumtukana mtu asiye na haya. Walakini katika fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, safihi ni mtu asiyeweza kuihifadhi mali yake ajapokuwa amebaleghe na ana akili timamu, na kwa mujibu wa agizo lililomo katika Sura ya Nisaa, aya ya 5, kadhi aweza kumzuia asiuze wala asinunue, akapewa msimamizi, naye akalishwa na kuvishwa kutoka katika mali hiyo hiyo mpaka idhihirike kwamba amepata busara ya kuendesha mambo yake. Aya hiyo haikukoma hapo, bali imeamrisha aambiwe maneno mema. Sheria ilimfunga mikono huku ikimlindia heshima. Sisi tumemwachia mikono wazi, kisha tukaligeuza jina lake kuwa tusi.

*

Katika zama za ngoma ya beni, vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, kwa gwaride na kwa karamu, na huko Mombasa akina mama wa ngoma ya lelemama nao walishindana kwa gharama kubwa, kwani ushindi ulikuwa fahari ya mtaa mzima. Mrithi wao leo ni pedeshee, ambaye jina lake limetokana na herufi tatu za Kifaransa za cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni, likatufikia kwa njia ya Kongo na muziki wake. Yeye huwatuza waimbaji mbele ya kadamnasi ili atajwe jina, nao humtaja. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: wale wa zamani walitoa kwa ajili ya chama na mtaa, ilhali pedeshee hujinunulia sifa yake peke yake, na sifa hiyo hudumu kadiri wimbo unavyodumu.

*

Kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka nchini Tanzania, magazeti hujaa neno ubadhirifu. Naona neno hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Mbadhirifu hupoteza kilicho chake. Aliyechukua fedha za zahanati akajengea nyumba hakupoteza kitu, maana yeye amepata, na waliopoteza ni wagonjwa. Huyo ni mwizi, na kumwita kwa jina la upole ni kumsaidia kuficha alichokitwaa.

*

Basi kipimo cha majina haya si wingi wa fedha, bali ni haki iliyoguswa. Tajiri akichinja ng'ombe watano, ilhali wadai wake wamelipwa na wanawe wamesomeshwa, yamkini amefanya israfu, lakini hakumdhulumu mtu. Na mchukuzi wa bandarini awanunuliaye wenziwe chai kwa fedha ya dawa ya mkewe amekwisha kuingia katika ubadhirifu, ijapokuwa alichotoa ni kidogo. Wenye dhambi zaidi ni sisi tukaao barazani pa mtu kama huyo, tumwitao karimu maadamu tunakula, na siku fedha zikiisha tukamwita mpumbavu, hali tulijua tangu mwanzo ya kuwa kile tunachokula kina wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aghalabu marafiki ndio wa kwanza kuliona daftari hilo halipo. Mwenye rafiki wa namna hiyo na amwambie sasa, faraghani na kwa maneno mema, kwa sababu nasaha ifikayo baada ya nyumba kupigwa mnada haimfaidii yeye wala wanawe.