Lililo Wazi Halithibitishwi



Wako wanaotuambia kwamba marehemu Martin Shikuku alikuwa mchekeshaji wa Bunge tu, mtu wa makelele na vijembe aliyejiita Rais wa Maskini, na kwamba sisi wapenda mageuzi tunamkweza kupita kiasi. Tunawajibu kwa kuwarudisha Bungeni, mwezi wa Oktoba mwaka 1975.

Mwaka ule ulikuwa wa damu. Mwezi Machi, J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na maiti yake ikapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati teule ya uchunguzi. Ripoti ilipopigiwa kura, Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu waliiunga mkono kinyume cha matakwa ya Serikali. Wakafutwa kazi.

Katika hali hiyo ya hofu, tarehe 9 Oktoba, Shikuku, Mbunge wa Butere, alisimama akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama ilivyouawa KANU. Wakamrukia: athibitishe! Aliyeketi kitini ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney, wakili na Mbunge wa Tinderet. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Siku 6 baadaye askari waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili. Hawakufunguliwa mashtaka wala hawakufikishwa mbele ya hakimu. Sheria ya kumkinga Mbunge kwa maneno anayoyasema ndani ya Bunge ilikuwapo, nayo haikufutwa, ilikanyagwa tu. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978. Wale waliodai ushahidi kwamba Bunge linauawa waliletewa ushahidi huo na polisi, tena mpaka mlangoni mwao.

Seroney aliaga dunia mwaka 1982, mwaka uleule Kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba na nchi kufanywa ya chama kimoja kisheria. Hakuyaona mageuzi. Shikuku aliyaona, na aliyatolea jasho: tarehe 16 Novemba 1991, akiwa mtu wa karibu miaka 60, alikuwa katika msafara wa kwenda Kamukunji, kwenye mkutano uliopigwa marufuku, akakamatwa tena. Mwezi uliofuata 2A ikafutwa.

Hatumfanyi malaika. Alikuwa Katibu Mkuu wa KADU, na chama hicho kilipojivunja mwaka 1964 aliingia KANU pamoja na wenzake. Mwaka 1992 FORD ilipopasuka, yeye alikuwa Katibu Mkuu wa FORD-Asili, na gharama ya mpasuko ule tuliilipa sote: Moi alirudi Ikulu kwa kura zisizofika asilimia 40. Tuliumia, na bado linatuuma. Lakini kosa la kugawanya upinzani si kosa la kunyamaza.

Kunyamaza ndiko tunakokulaumu. Mbunge wa leo analindwa na Kifungu cha 117 cha Katiba ya 2010. Mamlaka ya kumtia mtu kizuizini bila mashtaka yaliondolewa katika sheria mwaka 1997. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024, vijana wakiwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106. Risasi zikalia nje ya Bunge na watu wakafa. Kesho yake Rais mwenyewe akatangaza kwamba hatautia sahihi, na hao 195 wakabaki wakitazamana.

Basi tunawauliza, Waheshimiwa: Shikuku alikijua kizuizini, akasema. Ninyi mliogopa nini? Kumbukumbu rasmi za Bunge za tarehe 9 Oktoba 1975 zimo maktabani mwenu. Zisomeni kabla ya kumwita marehemu mchekeshaji.