NDEGE YA ZIWA IPIMWE KWA ZIWA



Wapo watu wanaocheka wakimsikia mwananchi akizungumza habari ya kuunda ndege. Husema ndege ni kazi ya mataifa makubwa, na sisi kazi yetu ni kukata tiketi na kutazama juu. Sisi wa Kigongo twasema hiyo ni kasumba, nayo yafaa ing'olewe sasa. Mjini Morogoro, kampuni ya Airplanes Africa Limited imekwisha kuunganisha ndege ndogo za Skyleader, za viti viwili, ambazo asili yake ni Jamhuri ya Cheki. Bawa la ndege limefungwa katika ardhi ya Tanzania. Basi swali la leo si kama tunaweza. Swali ni hili: ndege itakayofuata itachorwa kwa kipimo cha nani?

Huko Marekani watu hujiundia ndege nyumbani tangu zamani. Chama chao, EAA, kilianzishwa mwaka 1953. Mtu hununua vipande, huviunganisha katika banda lake, na sheria ya huko yataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wajenzi wenyewe. Mchoraji akitaka kutoa ndege mpya huwauliza marubani wanataka nini. Nao hujibu: iende mbio, itue polepole, ibebe mzigo mkubwa, ile mafuta kidogo, tena iwe rahisi. Lakini mtaka yote hukosa yote. Bawa dogo huenda mbio, bawa kubwa hutua polepole. Hapana budi mtu achague, na kila mtu huchagua kwa shida za kwake. Rubani wa huko mara nyingi huruka kwa kujifurahisha, kutoka lami hadi lami. Hatumlaumu. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kunguni wa kwetu ni hawa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, kutoka hapa Kigongo hadi Busisi. Tuliokuwa tukingoja kivuko saa nzima na zaidi, sasa twavuka kwa dakika chache. Tunalifurahia daraja. Lakini wapo wanaosema ati shida ya ziwa imekwisha. Si kweli hata kidogo! Daraja halifiki Kome, halifiki Maisome, halifiki Ukerewe wala Ukara. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku kisiwani bado anangoja chombo cha majini, na chombo kinangoja mawimbi yatulie.

Ziwa hili limetuzika watu wengi. MV Bukoba ilizama mwaka 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa 19. Na ni nani waliowahi kufika kuokoa? Wavuvi, kwa mitumbwi yao. Waliokoa kwa sababu walikuwa karibu, na chombo walichokuwa nacho walikijua.

Mwaka 2018 ilijaribiwa pia ndege isiyo na rubani, ikapeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Jaribio lile lilionyesha ya kuwa njia ya angani ni fupi. Lakini dawa yaweza kusafiri hivyo, mgonjwa hawezi.

Kwa hiyo twasema wazi ndege tunayoitaka.

Kwanza, hesabu za injini zifanywe kwa hewa ya kwetu. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kabla hata jua la saa nane halijazidisha. Asitusomee mtu namba za pwani ya Ulaya. Tena injini hiyo inywe petroli ya magari, kama zile za Rotax 912 ziwezavyo, maana mafuta ya ndege hayauzwi kila mwalo.

Pili, bawa liwe juu. Ndege za Skyleader bawa lake liko chini. Yafaa bara kwenye uwanja mzuri, lakini anayemtafuta mvuvi aliyepotea anataka kuona maji yaliyo chini yake, na bawa lisirushiwe mawimbi. Itue polepole, kwenye nyasi fupi za kisiwani.

Tatu, iwe na maboya na magurudumu pamoja. Wanaoyajua magugu maji ya ghuba hii hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Nne, machela iingie, na mhudumu akae kando yake. Mbio si kitu ikiwa mgonjwa amebaki ufukweni.

Tano, iwe ya alumini na ribiti, ambayo fundi wa Mwanza aweza kuikata, kuitoboa na kuifunga upya. Desemba 2023 kampuni kubwa ya ndege za vipande huko Marekani, Van's Aircraft, iliomba kinga ya mahakama kwa ajili ya madeni, na wateja waliokwisha kulipia wakaingia mashakani. Ikiwa mwenye nchi yenye viwanda alipata hofu, je, sisi tutakaongoja bawa moja kutoka ng'ambo?

Mtumbwi wa ziwa haukuagizwa popote. Fundi huuliza: utavua nini, utapita mwalo gani, upepo gani? Ndipo anapasua mbao. Ukivunjika, huundwa upya palepale. Ndege nayo iulizwe maswali hayo.

Tusidanganyane lakini. Ndege ya kujiundia si basi. Hata Marekani hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Hatuombi ruhusa ya kufa kijinga. Twaomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iweke njia iliyo wazi ya kukagua na kupitisha ndege hizi, kwa uokoaji na kwa mafunzo. Twaomba Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha mafundi wa ndege, kilete wanafunzi wake ziwani. Na wenye karakana ya Morogoro twawaambia: kabla hamjachora nyingine, njoni Kigongo, mketi na wavuvi, wauguzi na mafundi mitumbwi. Maswali tunayo, na majibu yake tunayo.