Kompyuta ichore, lakini ifundishwe kusomeka

Modeli ya Recon3D ya mwaka 2018 ina mimenyuko zaidi ya 13,000 ya kemia ya mwili wa binadamu. Ni vigumu mno kwa mkono wa mtu kuichora yote, afadhali kompyuta ipange. Lakini programu inayosogeza pamoja vitu vyote vilivyounganika hukwama kwenye ATP (molekuli ya nishati) na maji, maana vinagusa karibu kila kona: mistari yote hukimbilia hapo, mchoro ukageuka wavu uliojisokota. Basi ATP irudiwe kando ya kila mmenyuko, na mzunguko wa Krebs ubaki duara ambalo mwanafunzi analijua. Wapo wanaoona kurudia huko ni kupotosha muundo halisi. Hoja hiyo ina uzito kwa anayehesabu miunganiko. Lakini anayefuatilia safari ya kaboni ya glukosi anahitaji kuiona njia yenyewe.