Wakala wa ajira naye abanwe

Mwaka 2007 wakala mmoja wa ajira wa Los Angeles, Marekani, alianza kupeleka walimu kutoka Ufilipino katika shule za umma za Louisiana. Walizidi 350. Kila mmoja alitozwa takriban dola 16,000, wengi wakikopa kwa riba kubwa.

Deni hilo ndilo lililowafunga midomo. Aliyelalamika alitishiwa kurudishwa kwao, na huko wadai walikuwa wakimsubiri. Hata hivyo, walimu walikwenda kwenye sheria. Mwaka 2010 mamlaka ya kazi ya jimbo iliamuru ada zirejeshwe, kwa kuwa wakala hakuwa na leseni. Desemba 2012 mahakama ya shirikisho ikawapa walimu ushindi wa dola milioni 4.5.

Mkulima anamjua dalali anayekula kwa muuzaji na kwa mnunuzi: mzani ukichezewa, hayuko upande wake. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kwa kawaida wakala kumtoza mfanyakazi ada. Basi mzazi anayetaka kuuza ng'ombe ili mwanawe akafundishe ng'ambo aulize kwanza: leseni iko wapi, ada analipa nani, na mambo yakiharibika malalamiko yatasikilizwa na nani?