Chakula cha usiku na mkeo: Ni anasa au ni haki?

 

Hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani nje ya msikiti wa mtaani kwetu hapa Unguja. Kijana mmoja, ambaye ndoa yake haijatimiza miaka mitatu, akauliza kwa haya: "Wazee wangu, mke wangu ameniomba nimpeleke tukale chakula cha usiku, sisi wawili tu, katika hoteli moja kubwa ya kitalii kule pwani ya kaskazini. Dini inasemaje?" Kabla hajamaliza, mzee mmoja akamkata kauli: "Mwanangu, kwani nyumbani kwako hakuna jiko? Hayo ni mambo ya Wazungu." Baraza zima likacheka. Kijana naye akacheka, lakini kichwa amekiinamisha. Nami nilicheka, na kicheko changu hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya.

Ndugu msomaji, suala la kijana yule lina mambo mawili ndani yake, nasi tuliyachanganya. La kwanza ni mume kutoka na mkewe kwenda kula. La pili ni mahali wanapokwenda na mali wanayoitumia.

Tukianza na la kwanza, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja jirani huyo alipika, akaja kumwalika. Mtume akauliza iwapo Bibi Aisha (R.A.) naye amealikwa. Jirani akasema hapana. Mtume naye akaukataa mwaliko. Jirani akarudi mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu akakubali waende wote wawili, ndipo wakainuka wakafuatana hadi nyumbani kwake.

Tazama, ewe ndugu yangu, Mtume hakumwambia mkewe abaki na jiko lake. Alikuwa radhi kukosa chakula kizuri kuliko kukila peke yake huku mkewe yuko nyumbani. Na katika hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba hata tonge ambalo mume anamtilia mkewe kinywani lina malipo mbele ya Allah. Vipi basi jambo lenye thawabu tuliite la Wazungu?

Ama la pili, hapo hofu ya mzee wetu haikuwa bure. Nyingi ya hoteli za kitalii huuza pombe, na Tirmidhi amepokea onyo la Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa ulevi. Kwa hiyo mwenye kutaka kuisalimisha dini yake atafute mahali pasipouzwa pombe. Asione haya kuuliza nyama imechinjwa na nani, wala kuuliza kama mchuzi umetiwa mvinyo, kwani wapishi wengine huutia kuongeza ladha. Tena asisahau kwamba chakula cha jioni huandaliwa karibu na wakati wa Magharibi. Swala itangulie, meza ifuate.

Kuhusu mali, Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu waja wa Rahmani kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa katikati. Suratut Talaq aya ya 7 nayo inamtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Anayekopa ili mkewe apigwe picha mbele ya sahani na picha hiyo isambae kwenye simu za watu, huyo hakumlisha mkewe, amewalisha watazamaji. Lakini aya ile ile inayokemea israfu imekemea na ubahili. Sisi wanaume tumeihifadhi nusu ya kwanza tukaisahau ya pili.

Usiku ule niliporudi nyumbani nilimsimulia mke wangu kisa cha barazani, nikidhani naye atacheka. Hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mume wangu, tangu unioe sijala chakula cha moto. Nakupakulia wewe, nawapakulia watoto na wageni. Nikikaa mimi, kimeshapoa."

Tumeishi pamoja miaka 22. Sikuwa na jibu.

Hoteli ya kijana yule mfuko wangu hauiwezi. Jumamosi iliyofuata, baada ya Isha, watoto tuliwaacha kwa bibi yao, tukaenda Forodhani. Tulinunua mishkaki na urojo, tukakaa kando ya bahari. Nakiri kwamba mwanzoni tulikosa la kuzungumza zaidi ya ada za shule na gesi ya kupikia. Kisha akaanza kunisimulia habari za marehemu mama yake, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa miaka yote hiyo. Na chakula alikila kikiwa cha moto.

Kwa kijana wetu nasema: ombi la mkeo si la aibu. Tafuta mahali pa halali, pima mfuko wako, kisha mpeleke. Ukishindwa pakubwa, mpeleke padogo, ila usimwache na jiko. Suratun Nisaa aya ya 19 imetuamrisha tukae nao kwa wema, na kukaa kwenyewe ni sehemu ya wema huo.

Nasi wazee tumuombe Allah msamaha kwa kicheko chetu.