Huendi Mkutanoni? Tuma Hesabu Zako



Septemba 2023 Jukwaa la Mifumo ya Chakula Afrika lilifanyika Dar es Salaam, pale Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Viongozi wa nchi walikuwepo, mabenki yalikuwepo. Sisi wa Suguti tulikuwa huku tunamwagilia nyanya. Kijana mmoja akaniambia, "Bwana shamba, hatuna nauli, basi hatuna sauti." Nilimwonea huruma, ila leo nasema wazi: hakuwa sahihi.

Hata mimi nilikosea. Kuna jamaa yangu alikuwa anakwenda. Mkutano umeshaanza ndipo nikamtumia sauti ya dakika tisa WhatsApp: pampu zinakula mafuta, bei ya nyanya inaporomoka, madalali wanatumaliza. Akajibu, "Ndugu yangu, hiki ni kilio. Wakiniuliza ni shilingi ngapi, nisemeje?" Sikuwa na jibu. Shida naijua, hesabu sina.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: anayesikika mkutanoni ni mwenye hesabu, awe ukumbini au awe shambani Kusenyi.

Kwa hiyo tujipange mapema, iwe ni kwa Nane Nane pale Nyakabindi, Simiyu, au kwa mkutano mkubwa zaidi. Kuanzia leo andika kwenye daftari lita za mafuta kwa ekari, matenga uliyovuna na bei ya kila siku uliyouza. Mwezi mmoja kabla, kaeni wakulima watano, mlinganishe madaftari, mtoe hoja moja na ombi moja kwenye ukurasa mmoja. Ongezeni video ya dakika mbili mkiwa shambani. Irekodini mapema na muitume mkiwa Musoma mjini. Ukisema uongee moja kwa moja kutoka huku, mtandao unaweza kukukata katikati ya sentensi. Mkabidhini anayekwenda, na arudi na jibu la maandishi: nani kasikia, kaahidi nini, lini.

Wapo watakaosema maamuzi yanafanyika kwenye chai, baada ya kikao. Kweli, chai ile huwezi kuinywa ukiwa Suguti. Lakini karatasi yako inaweza kuwa juu ya meza wanayonywea.

Jumamosi leteni madaftari ofisini. Asiye nalo aje na risiti za mafuta, tutaanzia hapo.