Sumaku Haivuti Kila Kiitwacho Chuma

Somo la sumaku katika shule za msingi aghalabu huanzia ubaoni na kuishia papo hapo. Mwalimu huandika, "Sumaku ni kitu kinachovuta vyuma". Wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani huyarudisha maneno yale yale. Kwa maoni yangu sentensi hiyo haina budi kufutwa, kwani imebeba kosa ambalo lugha yetu yenyewe hulificha.

Neno "chuma" lina maana mbili. Kwanza, ni ile metali ishikayo kutu, ambayo wahunzi huifua jembe na shoka. Pili, katika mazungumzo ya kila siku, ni metali yoyote ngumu, hata ikiwa shaba au alumini. Mtoto akiambiwa kwamba sumaku huvuta vyuma, huichukua maana hii ya pili. Atakapofika sekondari na kusoma kwamba ni metali chache tu, kama vile chuma, nikeli na kobalti, zinazovutwa kwa nguvu na sumaku, itambidi kwanza asahau aliyofundishwa.

Yafaa basi mwalimu asianze na fasili, bali aanze na vitu. Apange mezani msumari, sindano, kizibo cha soda, kijiti, waya wa shaba na sufuria ya alumini. Avijaribu vyote mwenyewe kabla ya kipindi. Darasani, kabla sumaku haijagusa chochote, kila mwanafunzi aandike daftarini ni vitu vipi anavyodhani vitavutwa. Wengi wataitaja sufuria. Nao wataiona sumaku ikiteleza juu yake bila kushika. Hapo ndipo mtoto atakapouliza, "Mbona?", na hapo ndipo somo linapoanza. Fasili ije mwisho, ikiwa jibu la swali lililokwisha kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba shule hazina vifaa. Spika ya redio mbovu ina sumaku ya kutosha. Kwa sumaku hiyo moja, sindano nyingi zaweza kusuguliwa, kila moja kwa upande mmoja tu, mara thelathini hivi, nazo zikawa sumaku. Sindano ya namna hiyo ikilazwa juu ya jani katika bakuli la plastiki lenye maji, hugeuka mpaka ielekee kaskazini na kusini. Sindano mbili huonyesha jambo ambalo sentensi ya ubaoni haikuligusa kabisa, kwamba sumaku husukuma pia: ncha za aina moja hufukuzana. Tena kufukuzana ndiko kunakothibitisha kwamba vitu vyote viwili ni sumaku, maana hata msumari wa kawaida huvutwa.

Wengine watasema kwamba njia hii hula muda, na muhtasari ni mrefu. Ni kweli kwamba kunakili huchukua dakika chache. Lakini sekondari mtoto atadaiwa kueleza sababu, wala si kukariri, na tabia ya kutafuta sababu haianzi Kidato cha Kwanza. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule zikuze akili yenye kudadisi. Wanachuo wenzangu, hatudaiwi maabara. Tunadaiwa kuiacha sufuria itoe ushahidi wake kabla sisi hatujasema neno.